Sentensi ya Saba

Yustina,

Leo ni Jumatatu na sina wa kumtumia sentensi. Nimekaa hapa barazani, cherehani mbele yangu, sare tatu za shule zinasubiri vifungo, na simu nimeiweka mapajani eti naisubiri itetemeke. Najua haitetemeki. Najua uko wapi, nilikuwepo, udongo niliutupa kwa mkono wangu huu. Lakini kidole kinakwenda chenyewe mpaka kwenye jina lako. Sijalifuta. Usinicheke.

Umeniacha vibaya wewe mwanamke. Nilikuwa peke yangu hata kabla hujafa, unalijua hilo, tangu baba Fausta afariki na Fausta mwenyewe ahamie Dar, ambako akinipigia anaongea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Ila asubuhi nilikuwa na wewe. Sasa naamka, nafagia, nakunywa chai ya rangi, nakuja barazani, na mpaka mteja wa kwanza afike sijafungua kinywa. Siku nyingine mteja haji kabisa. Juzi nilijikuta naigombeza pasi, nikaona aibu, nikaangalia kama jirani amenisikia.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililifanya, na watu wote wa kwenu wanalijua sasa isipokuwa wewe. Ni haki yako ulisikie kutoka kwangu. Ila siwezi kulisema moja kwa moja, nitazunguka kidogo. Nivumilie, umenivumilia miaka yote tangu kwa masista.

Kwa masista! Ulitoka Ulyankulu, kambini kwenu wakimbizi wa Burundi, na sanduku la bati, mimi nikatoka kijijini kwetu jirani na Kipalapala na mdomo wangu mkubwa, tukapewa kitanda kimoja na cherehani moja. Usiku wa kwanza ukaniambia unapiga teke usingizini, nikakuambia mimi nauma. Tukashona pamoja mwaka mzima, tukagawana mpaka sindano. Kisha ukaolewa ukarudi kwenu kwenye tumbaku, mimi nikabaki mjini na vitambaa vyangu. Hatukuwahi kuachana, sema tu barabara iliingia katikati.

Halafu mwanao Neema akaingia kidato cha kwanza. Mtoto aliyekuwa wa pili darasani kila mwaka akarudi nyumbani analia, masomo yote yamegeuka Kiingereza, anasema mwalimu akifundisha yeye anaona midomo tu. Ukanipigia. "Skola, mimi na wewe darasa la saba letu linatosha kusomea tangazo la mazishi. Huyu mtoto atasaidiwa na nani?" Nikakuambia mwache, atazoea. Ukanijia juu siku hiyo! Mwezi uleule nikaenda Nzega kufuata vitambaa, nikaiona mnadani ile kamusi ya Kiingereza, haina jalada, haina herufi A yote. Nikaichukua. Ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanza na A mimi siyajui vizuri.

Ukaja Tabora, tukaikata katikati kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao hata Fausta simruhusu akatie karatasi. Wewe ukachukua B mpaka L, mimi M mpaka mwisho. Wiki moja neno linatoka kwako, wiki inayofuata linatoka kwangu. Na hatukutaka maneno magumu. Tulichukua yale madogo madogo, yale ambayo Neema alisema ndiyo yanamtesa, kwa sababu unalikuta hapa lina maana hii, ukurasa wa pili lina maana nyingine. Sentensi kumi kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa simu. Mwenzako anasahihisha, anakupa vema au anakupa kosa, kama shule.

Na sheria uliiweka wewe, Yustina. Wewe, si mimi. Sentensi lazima iwe ya uongo. Ulisema ya kweli tutaongea siku ya Jumapili kwa Kiswahili, Kiingereza ni cha kuchekea, la sivyo tutachoka wiki ya kwanza. Basi tukadanganyana miaka miwili na nusu. Kwenye wiki ya "run" uliandika "The nose of our catechist runs faster than his motorcycle", pua ya katekista inakimbia kuliko pikipiki yake, nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Mimi nikakuandikia kwamba naendesha benki mbili na hoteli. Neema akirudi likizo unamsomea, anatusahihisha, na mwenyewe bila kujua akawa anajifunza. Mwalimu wake alipomsifu ulinipigia unapiga vigelegele, majirani zako wakadhani kuna aliyejifungua.

Sasa wiki ile.

Jumatatu ukafungua na "keep". Lilitoka kwenye nusu yako. Ukaniambia limechukua karibu ukurasa mzima, limebebeshwa mizigo kila upande, ukaanza utani wako: "Ninyi Wanyamwezi mababu zenu walibeba meno ya tembo kwenye njia ya Ujiji mpaka pwani, wewe mjukuu wao ushindwe neno moja?" Siku hiyo ukaleta tatu. Mjomba wako anafuga simba jikoni, "My uncle keeps lions in the kitchen." Nyamazeni, mbuzi anasali, "Keep quiet, the goat is praying." Ya tatu ilikuwa ya ugali utakaokaa bila kuharibika mpaka Krismasi. Jumanne tatu nyingine, na ya mwisho ilisema mumeo Deo anaendelea kukupenda upya kila siku ya gulio. Hiyo nilikupa vema mbili.

Jumatano asubuhi ikaja ya saba. Naijua kwa moyo. "I cannot keep food down since Monday." Siwezi kukaa na chakula tumboni tangu Jumatatu.

Nilielewa, Yustina. Usije ukadhani sikuelewa. Kila neno nililielewa. Nilikuwa nampima mama mmoja nguo ya kipaimara cha mwanawe, futi ya kupimia shingoni, nikasoma nikasema moyoni, huyu mwanamke leo amenizidi, hii ameitoa wapi? Nikaona wivu kidogo, ndiyo, wivu. Nikakujibu palepale: "Vema! Hiki ndicho Kiingereza chenyewe. Kumi kwa kumi. Bado tatu."

Ukajibu, "Asante mwalimu."

Basi. Hukusema kitu kingine. Nimeusoma huo ujumbe mpaka herufi zimepoteza maana. Kwa nini hukuandika "Skola, naumwa"? Maneno mawili tu! Kwa nini hukupiga? Au ulitaka kuona kama nitauliza? Nimewaza pengine kwa Kiingereza ugonjwa ulionekana si wako, ni wa mtu wa kwenye kamusi, ukaona ni rahisi kuutamka. Pengine ulianza kuniambia ukaona aibu ukauficha kwenye mchezo. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana kwa ajili ya sheria yako ile ya kijinga, kisha najikasirikia mimi, kwa sababu mtu ninayemjua tangu usichana aliniambia chakula hakimkai tumboni siku tatu, na mimi nikampa maksi.

Alhamisi hukuleta kitu. Nikakuandikia, "Mvivu wewe. Bado tatu." Sikupiga. Nilikuwa na sare za kumaliza.

Ijumaa Deo akatoka shambani, maana unajua bani la kukaushia tumbaku likishawashwa moto haulali, tumbaku inaharibika, alikuwa kulekule tangu Jumapili. Akakukuta umejikunja sakafuni. Ulimwambia nini ulipomtumia chakula kwa mtoto wa jirani? Ulimwambia wewe mzima. Wakakupakia pikipiki, kisha gari, na Jumamosi saa sita mchana Deo akanipigia, akampa simu mtu mwingine aniambie kwamba umekwenda. Walisema ni utumbo uliojisokota. Walisema ugonjwa huo unataka kuwahiwa.

Msibani kwako kila aliyefika aliuliza swali moja. "Hakumwambia mtu?" Wanauliza mlangoni, wanauliza jikoni, wanauliza wakinawa mikono. Na Deo, macho mekundu, anajibu kila mmoja, "Hakumwambia mtu." Mimi nilikuwa kwenye masufuria nakoroga ugali wa waombolezaji. Simu iko kwenye mfuko wa ndani wa gauni, na wewe umo ndani yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema mara ishirini. Nilikoroga.

Jumatatu baada ya mazishi nikarudi barazani hapa, na kidole kikafanya mazoea yake. Ilikuwa zamu ya nusu yangu. Nikaandika sentensi ya uongo ya kijinga nikaituma kwenye namba yako, na kabla sijashtuka nimefanya nini, jibu likaingia. "Mamdogo, ni mimi Neema. Simu ya mama ninayo mimi."

Ndipo nikajua kwamba ameona. Yote yamo humo. Ya saba imo, kumi kwa kumi imo, mvivu wewe imo. Nikaandika "Pole mwanangu" nikazima simu. Na toka hapo nikamkimbia mtoto wako. Nisikilize vizuri, hili ndilo baya kuliko yote. Alinitumia salamu mara tatu nikajibu kwa neno moja moja kama karani. Niliogopa akiniuliza. Miezi miwili sikukanyaga Ulyankulu, nasingizia kazi, na mtoto uliyemlilia ajue lugha ya darasani akabaki peke yake na mimi nikabaki peke yangu, kila mmoja na simu yake.

Halafu Deo akanipigia. "Shemeji, matanga tunaanua Jumamosi. Nakuomba uje. Kaka yake marehemu, Melkiori, anataka kunichukulia mtoto." Kaka yako alikuwa amekuja kutoka Kasulu na neno moja tu: mwanaume ambaye mkewe anatapika siku tano na yeye yuko na majani yake, huyo hana haki ya kulea. Neema ahamie Kasulu, shule atatafutiwa hukohuko. Na watu wa kwenu wengi walikuwa wamekubali. Walikuwa hawamsalimii Deo vizuri. Kanisani alikuwa anakaa benchi la nyuma.

Nikapanda gari la asubuhi. Njia nzima najifundisha namna ya kusema, nikifika Urambo nimeshaamua kusema, tukiiacha Urambo nimeshaghairi.

Walikaa uani kwenu baada ya misa, pombe imepita, chakula kimepita, watu wa ukoo wamebaki. Melkiori akasema yake kwa sauti ya chini, si mtu mbaya kaka yako, analia akiongea. Deo hakujitetea. Alisema tu, "Hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia." Na Melkiori akamjibu, "Dada yangu hakuwa bubu. Kwako ndiko alikokosa wa kumwambia."

Nikasimama. Nikashika kiti cha mtu wa mbele. Nikasema, "Alimwambia mtu. Aliniambia mimi."

Nikawaeleza yote, kamusi, sheria ya uongo, Jumatano. Nikaitoa simu nikawasomea kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na nikasoma na jibu langu. Sikuliruka. Kwenye "bado tatu" ilinibidi nianze upya.

Melkiori akainuka akatoka nje ya ua. Mama yako alikuwa kwenye mkeka wake, ile khanga yako ya bluu mabegani. Akauliza, "Alikuandikia kwa lugha gani?"

"Kiingereza, mama."

"Mimi niko nyumba ya pili," akasema. "Nimemzaa. Kirundi nimemfundisha mimi, Kiswahili tumejifunza pamoja hapahapa kambini. Akakwambia wewe, Tabora, kwa Kiingereza."

Yustina, nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kofi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Ndipo Neema akasimama. Amekuwa mrefu, sketi niliyomshonea imeshapanda magotini. Akasema, "Bibi, hata mimi aliniambia." Jumanne jioni ulimpigia shuleni kwa simu ya matroni, ukamuuliza wanasemaje kwa Kiingereza kwamba chakula hakikai tumboni. Na yeye akakutajia, akakuuliza ni ya mchezo na mamdogo, ukasema ndiyo. Akarudi prepo, kwenye masomo yao ya jioni. Kumbe maneno yale hayamo hata kwenye nusu yako ya kamusi. Mtoto alikuwa ameupekua ule ukurasa mwenyewe baada ya msiba, mstari kwa mstari, akitumaini kwamba uliyatoa humo na si kwake.

Miezi miwili amelibeba hilo! Miaka kumi na sita, na ananitumia salamu, na mimi namjibu kama karani. Alikuwa haniulizi kitu. Alikuwa anatafuta mwenzake.

Mama yako akamfungulia mikono, akamvuta mkekani, akamfunika na ile khanga yako wakalia wote wawili. Wanawake wakawazunguka. Mimi nilibaki nimesimama nimeshika kiti cha mtu, na ilikuwa sawa, sikustahili mkeka. Lakini nakwambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: sijawahi kuwa peke yangu duniani kama pale, katikati ya ua umejaa watu.

Melkiori alirudi amenawa uso. Akasema mtoto amalizie shule hapa, kwa baba yake. Akampa Deo mkono. Hilo limekwisha, ulale nalo. Neema yuko kwa Deo, na likizo ijayo anakuja kwangu wiki mbili, tumeshakubaliana, ataleta ile nusu yako ya kamusi. Nimemwambia sheria ya uongo nimeifuta. Akaniuliza basi tutaandika nini, nikasema tutaandika tulivyo, na tukikosa sarufi hatutasahihishana mpaka tumeulizana kwanza.

Deo alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi. "Miezi miwili, shemeji," akasema. "Umeniacha miezi miwili." Nikapanda.

Mama yako ndiye aliyebaki. Tangu siku ile nampigia kila Alhamisi. Nasema, "Shikamoo mama." Haitikii. Wiki ya kwanza nilidhani mtandao. Lakini namsikia anapumua, namsikia anavyosogeza kigoda. Namwambia habari za mjini, mvua, bei ya kitambaa, namwambia Neema kapata nini kwenye mtihani. Kisha nasema kwaheri mama nakata mwenyewe. Mtu aliyekuwa ananiita mwanangu, ambaye tangu tukiwa wasichana hakuwahi kuniacha na shikamoo yangu mkononi.

Ndiyo hivyo, Yustina. Nimekwambia. Sikuombi unisamehe leo, nakuomba unijue nilivyo. Pumzika, mwenzangu, lala upande ule uliokuwa unaupenda, wa ukutani. Neema sitamkimbia tena hata siku moja, na mama yako nitamwamkia kila Alhamisi ya uhai wangu, aitikie asiitikie.

Alhamisi iliyopita nilimaliza habari zangu mapema, sikuwa na nyingi. Nikasema, "Basi mama, mimi nakata."

Akasema, "Subiri."

Neno hilo tu, halafu akanyamaza tena. Nikasubiri mpaka salio likaisha.

Skola